Waya na plagi ya cherehani ya zamani: nimefumua nikaunga upya, njooni mnikague kabla sijachomeka

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni kwa wote wenye zile cherehani nyeusi za chuma zinazotumia umeme, zile tulizorithi kwa mama na bibi. Wengi wetu tunazipaka mafuta, tunazing'arisha, tunabadili sindano na belti, ila waya wa umeme tunauacha ule ule uliotoka nao kiwandani miaka 60 au 70 iliyopita, na kwa nilichokiona wiki hii hapo ndo pa kuanzia kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi nilistuka hivi. Nilikuwa nashona pindo la pazia, niko peku, mguu mmoja sakafuni mwingine kwenye pedali, mkono wa kushoto nimeulaza kwenye kitako cha mashine, mara nikahisi vidole vinatambaliwa kama na sisimizi. Nikatoa mkono ikaisha, nikarudisha ikarudi. Nikachomoa plagi ukutani pale pale. Mashine ni ya marehemu mama, kashonea sare zetu zote za shule, siwezi kuitupa na siwezi kuiacha imuue mtu.

Waya kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, umevikwa nguo ya kahawia, hakuna palipochanika. Nikaukunja pale shingoni unapoingia kwenye pedali nikasikia unalia kah kah kama vijiti vikavu. Nikaichana ile nguo kwa wembe, mpira wa ndani ukamwagika mezani kama unga mweusi na vipande vya magamba, yaani nyaya mbili za shaba zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, kinachozitenganisha ni uzi wa nguo tu. Hapo ndo nikaelewa kwamba ile nguo inatunza sura, kinga yenyewe ilishakufa zamani.

Nilichofanya: kabla sijakata chochote nilipiga picha kila upande, afu nikabandika kipande cha tepu nyeupe kwenye kila waya nikaandika namba. Msiruke hii hatua. Kwenye kile kibao cha matundu matatu kinachochomekwa ubavuni mwa mashine mna skrubu tatu tu, lakini nyaya ni nne, mbili za kwenda ukutani na mbili za kwenda kwenye pedali, kwahiyo kuna skrubu moja imebeba nyaya mbili. Ukichanganya hapo unaweza kukuta mota inazunguka muda wote bila kukanyagwa au taa inawaka pale tu unapokanyaga pedali. Mpangilio unatofautiana mashine na mashine kwahiyo fuata picha yako mwenyewe, usifuate ya mtu.

Nimenunua waya mlaini wa nyuzi nyingi, milimita mraba 0.75. Wa ukutani ni wa nyaya tatu, kahawia ndo waya wa moto, bluu nyutro, kijani na njano ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Wa pedali nimeweka wa nyaya mbili kama ulivyokuwa. Plagi mpya ya pini tatu yenye fyuzi. Ethi ya cherehani haipiti kwenye kile kibao maana hakina nafasi yake, nimeitoa pembeni nikaifunga kwenye skrubu ya mwili wa mashine chini ya kitako, nimekwangua rangi kwanza mpaka chuma kikang'aa maana rangi ya hizi mashine ni nene na haipitishi umeme. Ncha zote nimezichovya risasi ya kulehemea ili nyuzi zisitawanyike, nikazibana. Imebaki kuchomeka tu, ila nimeona nipite hapa kwanza.

#2

Pole sana mkuu, na Mungu amrehemu mama. Swali langu dogo, yangu plagi ndo imepasuka lakini waya naona mzima, siwezi kukata tu pale mwisho nikafunga plagi mpya?

#3 (mleta uzi)

Dada yangu ukunje kwanza. Chomoa ukutani, shika waya pale unapotokea kwenye plagi na pale unapoingia kwenye pedali, ukunje taratibu, sikiliza na uangalie. Ukisikia unalia, ukaona nyufa, ukikuta mgumu kama kijiti, au una ubandiko ubandiko kama gundi, basi wote umekwisha. Mpira hauzeeki ncha moja. Pale mwisho ndo panawahi kwa sababu panakunjwa kila siku, katikati panafuata. Plagi mpya kwenye waya mfu inakupa moyo wa kuchomeka kitu ambacho ungekiogopa.

#4

Mleta uzi nakupongeza kwa kusimama ukauliza. Mimi ni fundi umeme, nina mambo matatu na naomba usichomeke kwanza.

La kwanza ni risasi kwenye ncha. Wengi wanafanya na wanadhani ni usafi wa kazi, ila chini ya skrubu risasi haifai. Risasi ni laini, ukiibana leo imekaza, baada ya wiki kadhaa inakuwa imejisogeza yenyewe chini ya ule mbano na skrubu imelegea bila mtu kuigusa. Kiungo kilicholegea kinapata moto, moto unazidi kukilegeza, mwisho plagi inayeyuka kwa ndani. Kata hizo ncha, menya upya, sokota nyuzi kwa vidole kuelekea upande ambao skrubu inakazia, ingiza shaba tupu. Kama nyuzi zinakusumbua kutawanyika tumia vile vikofia vya bati vya kubana na plaizi maalumu. Na kama skrubu ni ya kuzungushia waya, zungushia kwa mwendo wa saa, maana ukizungusha kinyume kila ukikaza skrubu inausukuma waya nje.

La pili ni pedali. Kama ni ya chuma nayo inatakiwa ethi. Umetaja kwamba upo peku na mguu wako uko juu yake, hicho ndo chuma unachokigusa kuliko vyote.

La tatu, umepima? Hujataja kupima popote.

#5

Samahanini naomba kupinga kidogo hapo kwenye ethi. Hizi mashine zimetoka kiwandani na nyaya mbili, bibi zetu wameshona nazo miaka 40 hakuna aliyekufa, ethi ya nini? Tusiharibu vitu vya asili.

#6 (fundi wa #4)

Kaka nakuelewa, na kweli nyingi zilitoka na nyaya mbili. Ila angalia kilichokuwa kinamlinda bibi: ni vanishi ya kwenye koili za mota, mpira wa nyaya na vibao vya bakelaiti (ile plastiki ngumu ya zamani). Vyote vilikuwa vipya. Leo vanishi ina miaka 70 na vumbi la kaboni za mota (vile vijipande vinavyosugua sehemu inayozunguka) limejaa ndani, na vumbi hilo linapitisha umeme. Siku kinga ikitoboka, mwili wote wa chuma unakuwa waya wa moto, na bila ethi njia iliyobaki ya kwenda ardhini ni wewe. Ukiwa na ethi fyuzi inakatika kabla hujagusa. Na kama nyumba ina ile swichi ya usalama ya RCD ya miliampia 30, inaruka mara moja umeme unaovuja ukifika kiwango hicho.

Hiyo ya asili tunaitunza vizuri tu. Siku hizi kuna waya umevikwa nguo kwa nje kama wa zamani, ndani una plastiki mpya na nyaya tatu. Sura inabaki.

#7

Mimi nimefumua wangu leo baada ya kusoma hapa, nimekuta nyuzi za ndani ni nyeupe kama fedha sio nyekundu. Ni aluminiamu? Niliambiwa aluminiamu ni mbaya.

#8 (mleta uzi)

Hapana ndugu yangu, kwangua kwa kisu taratibu utaona wekundu chini. Ni shaba iliyopakwa bati. Mpira wa zamani ulikuwa unakomazwa kwa salfa, na salfa inaila shaba inaigeuza nyeusi, ndo maana wakaipaka bati iwe kama ngao katikati. Sehemu ambazo bati limeisha utaona shaba imekuwa nyeusi tii na hata ukiikaza kwenye skrubu haishiki vizuri. Hata huo usiutumie tena.

Fundi nimekusoma na nashukuru sana. Nimeifungua plagi niliyofunga juzi. Skrubu niliyoikaza mpaka mkono ukauma, leo imegeuka karibu robo mzunguko kwa bisibisi bila nguvu. Na bado haijapitishwa umeme hata dakika moja! Nimekata ncha zote. Pedali naibadilishia waya wa nyaya tatu kesho. Kupima sijapima, nina mita ya kawaida ya mkononi, niambie niweke wapi.

#9 (fundi wa #4)

Safi. Mashine isiwe imechomekwa ukutani, hilo usilisahau hata sekunde.

Kwanza ethi. Weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine, kwa mfano skrubu ya kile kibati cha sindano. Inatakiwa ikae karibu na sifuri, chini ya ohm 1. Rudia kwa mwili wa pedali, afu rudia kwa ganda la mota peke yake, maana mota mara nyingine imekaa juu ya rangi au kipira na haijagusana na mwili kabisa.

Pili, kati ya pini ya moto na ya nyutro. Taa ya mashine imezimwa, pedali haijakanyagwa, mita isisome kitu, yaani ibaki mwisho wa kipimo, sio sifuri. Kanyaga pedali kwa mkono polepole, namba itokee na ishuke kadiri unavyokandamiza. Ikisoma sifuri kabisa bila kukanyaga una shoti, usiende mbele.

Tatu ndo kubwa. Peleka mita kwenye megaohm. Washa swichi ya taa, kandamiza pedali mtu akushikie, ili mzunguko wote uwe umeungana, afu pima kutoka pini ya moto kwenda kwenye chuma cha mashine, na pini ya nyutro kwenda kwenye chuma. Mita isisome chochote. Jua tu kwamba mita ya mkononi inatumia betri ndogo, haiwezi kuisukuma kinga kama umeme wa nyumbani unavyoisukuma, kwahiyo ikikuonyesha ubovu amini, ikikuonyesha uzima bado haijatosha. Kipimo cha kweli ni mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupimia kinga kwa volti kubwa, fundi yeyote mzuri anayo, na chini ya megaohm 1 usikubali.

#10 (mleta uzi)

Wakuu nimerudi na mikono inatetemeka kidogo.

Ethi zote tatu ziko sawa, mota nilikuta haisomi kabisa nikaivutia kipande cha waya mpaka kwenye mwili ikasoma. Pedali sasa ina ethi. Moto na nyutro sawa, pedali inashuka vizuri.

Kipimo cha tatu: megaohm 0.3.

Waya mpya, plagi mpya, kila kitu kipya, na bado unavuja! Ningechomeka ningekuwa palepale na sisimizi wangu. Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Nikaitoa mota kwenye kibao, bado 0.3. Nikatoa nyaya mbili za taa, mita ikaruka ikaenda mwisho, haisomi kitu. Kumbe ni taa.

Nikafungua kile kikombe cha taa nyuma ya shingo ya mashine. Waya wake ni mwembamba, urefu hauzidi shibiri mbili, umepita chini ya kibanio kidogo cha bati kilichofungwa kwenye mwili. Nikafungua hicho kibanio nikamulika kwa tochi ya simu. Pale chini bati lilikuwa limeshaula mpira wote, limebaki alama ya kijani kwenye shaba na doa la kijani kama hilo kwenye bati, yaani vimegusana miaka na miaka vimeachiana rangi. Na joto la balbu pale karibu ndo lilioka huo mpira mpaka ukaisha. Waya wa ukutani ambao nimeuhangaikia siku tatu ulikuwa mbovu kweli, ila aliyekuwa ananitambaa vidoleni ni huyu mdogo ambaye sikuwahi hata kumtazama.

Nimebadili wa taa, nimeuvika kile kimpira kinachosinyaa kwa joto pale unapopita kwenye kibanio.

#11

Mkuu umenisisimua mwili. Yangu taa huwa naibamizabamiza ndo iwake. Nimeichomoa sasa hivi na mtoto nimemtoa hapo.

#12

Naomba kuuliza wazee, mimi yangu ililetwa kutoka Marekani, kibati cha mota kimeandikwa volti 110, mimi natumia 230. Nikibadili plagi tu itakubali?

#13 (fundi wa #4)

Hapana kabisa, na nakuomba usijaribu hata kwa sekunde kadhaa. Mota ya 110 ukiipa 230 itakimbia kwa kasi ya ajabu halafu koili zinaungua, na balbu itapasuka siku hiyo hiyo. Unahitaji transfoma ya kushusha. Piga hesabu: volti mara ampia zilizoandikwa kwenye kibati, ongeza wati 15 za taa, afu chukua transfoma yenye uwezo wa kama mara mbili ya hapo isichemke. Mota ikiwa imeandikwa ampia 0.7 ni kama wati 77, na taa 92, kwahiyo ya wati 200 inakutosha raha mustarehe. Kuhusu masafa, hezi 50 au 60, usihofu, hizi ni mota za kaboni zinazokubali hata umeme wa betri, ndo maana vibati vingi vimeandikwa AC/DC.

Nyongeza moja: usifunge plagi ya kwenu kwenye mashine ya 110. Iachie plagi yake ya zamani ya kule, ichomekwe kwenye transfoma. Siku haupo mtu atakuja aione plagi inayoingia ukutani, ataichomeka. Na kama plagi ya kule imeoza unataka mpya ya pini mbili bapa, chagua ile yenye pini moja pana kuliko nyenzake, pana ni ya nyutro. Ule waya wao wa ubavu kwa ubavu, upande wenye mistari ya kuparuza ukiupapasa ndo nyutro, upande laini ndo moto.

#14

Mimi nina Singer 201, ile ambayo haina belti, mota imejengwa ndani nyuma ya gurudumu. Nyaya zinazoingia kwenye mota mpira wote umepukutika, nikizigusa unadondoka. Na hizi siwezi kuzichomoa, zinaingia moja kwa moja ndani. Nifanyeje? Maana kila mtu hapa anaongelea waya wa nje.

#15 (mleta uzi)

Hii ya kwako ni kazi ya subira. Hiyo 201 ya mota ya ndani na ile 15-91 zote zinatumia gia badala ya belti, na nyaya zake zimelehemewa kwenye koili kule ndani. Jirani yangu anayo na nimeshaifungua moja nikiwa na fundi, ntakueleza nilichoona.

Ukifungua mota utakuta waya mzito wa nje umeungwa na waya mwembamba kama unywele wa koili, kiungo kimefungwa kwa kitambaa na vanishi. Usivute. Ule unywele ukikatikia ndani ya koili umeua mota. Kata waya mbovu ukiacha kama sentimita mbili au tatu upande wa koili pale ambapo shaba bado inang'aa, vika kwanza mpira wa kusinyaa kwenye waya mpya (watu wengi tunaikumbuka hiyo baada ya kulehemu), sokota ncha mbili zilale sambamba, lehemu, afu teremsha mpira upashe joto. Hapa risasi ndo mahali pake, maana hakuna skrubu, kiungo kinajishika chenyewe. Na kile kipande cha zamani kilichobaki nacho kivike mpira mpaka mwisho kabisa.

Halafu tafadhali, mota hizo zina vijitundu viwili vya grisi. Ni grisi laini ya mota inayoyeyuka kidogo ikipata joto na kupita kwenye utambi, sio mafuta ya cherehani. Nimeona watu wanadondoshea mafuta humo kila wiki kwa upendo tu. Mafuta yanatiririka hadi kwenye koili na kwenye kaboni, yanalainisha kinga, yanashika vumbi. Na kile kiowevu cha kupuliza cha kulegezea kutu usikisogeze karibu na mota.

#16

Wangu mgonjwa tofauti. Mashine inaanza kushona yenyewe bila mtu kuikanyaga. Jana nimetoka kuchukua pasi chumba cha pili nasikia inakimbia, narudi nakuta kitambaa kimejaa uzi. Waya ni mpya kabisa nilibadilishiwa na fundi mwaka jana.

#17 (fundi wa #4)

Kapasita. Pedali nyingi, hasa zilizotengenezwa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, waliziwekea kapasita ndani ya kupunguza makelele kwenye redio, maana cheche za pedali na kaboni za mota zilikuwa zinakoroma kwenye redio ya jirani. Ile kapasita imefungwa sambamba na mguso wa pedali. Ikizeeka ikapiga shoti, umeme unapita ndani yake kana kwamba umekanyaga. Mara nyingine inavimba na kupasuka na moshi unaonuka vibaya.

Fungua pedali ikiwa imechomolewa, utaona kopo dogo au kisanduku chenye nyaya mbili au tatu. Toa. Mashine itafanya kazi bila hiyo, utakachopoteza ni utulivu wa redio tu. Ukitaka kurudisha weka mpya ya daraja la X2 kati ya nyaya za umeme, na ile inayokwenda kwenye mwili iwe daraja la Y, usiweke yoyote uliyoikuta kwenye mabaki ya redio.

Ukiwa umeshafungua, angalia na ndani. Kama ni pedali ya kaboni utaona vijisahani vyeusi vyembamba vimepangwa kama sarafu ndani ya mirija ya kauri. Ukikandamiza vinabanana umeme unapita zaidi. Visimwagike, ni vyepesi na vinavunjika kama biskuti. Vikipungua unene mashine inaanza kwa kustuka badala ya kuanza polepole. Hizi pedali kuwa vuguvugu ni kawaida, kuwa moto wa kushindwa kushika sio kawaida.

Na mpaka utakapoitengeneza, ukiinuka kwenye kiti chomoa.

#18 (mleta uzi)

Jamani nimalizie nilikofikia, na kuna picha ntaweka.

Fundi wangu amekuja na mega. Volti 500, moto na nyutro kwa pamoja kwenda kwenye mwili, ilisoma megaohm 20 na ushee. Kabla ya hapo, nikiwa nimebadili waya wa ukutani na wa pedali tu, mita yangu ndogo ilisoma 0.3, kwahiyo mjue tofauti.

Hata hivyo hatukuchomeka moja kwa moja. Alitengeneza taa ya sirizi, balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi sio LED, ikafungwa kwenye waya wa moto kabla ya kufika kwenye mashine. Mantiki yake ni hii: kukiwa na shoti, balbu ndo itawaka kwa nguvu zote na mashine haiungui wala fyuzi hairuki. Tukachomeka, balbu kimya. Nikakanyaga kidogo, balbu ikawa nyekundu kama kaa la mwisho la jiko na mashine ikazunguka taratibu. Nikaachia, balbu ikazima kabisa. Hapo ndo akatoa balbu tukachomeka kawaida.

Kuna kitu nilikosea kwenye plagi na alikirekebisha. Mimi nilikata nyaya zote tatu urefu sawa. Yeye akaukata wa moto uwe mfupi, nyutro ufuate, na ethi akauacha mrefu una kilegezo ndani ya plagi. Mtu akijikwaa kwenye waya ukachomoka, wa kwanza kutoka ni wa moto na wa mwisho ni ethi. Na kile kibanio cha plagi kishike ganda la nje la waya, kisishike nyaya za ndani. Kwenye pedali ambako hakuna kibanio tulipitisha waya kwenye kipira kipya cha tundu na tukafunga kibanio cha plastiki kwa ndani ili ukivutwa uzito usiende kwenye skrubu.

Fyuzi iliyokuja na plagi ilikuwa 13. Tumeweka 3. Mota na taa yangu kwa pamoja hazifiki hata ampia 1, na fyuzi ipo kwa ajili ya waya. Ukiacha 13 na waya wetu huu mwembamba, waya unaweza kuchemka mpaka kuyeyuka na fyuzi ikiwa imetulia tu.

#19 (wa #14)

Wakuu mrejesho wa 201. Nimetumia siku mbili. Waya mmoja nilikuta shaba nyeusi mpaka karibu na koili, nikabaki na sentimita moja na nusu tu ya kulehemu, nilishika pumzi. Grisi ya zamani ilikuwa imekuwa ngumu kama nta ya mshumaa, nimeitoa kwa kijiti cha meno. Nimepima kwa mita, haisomi kitu. Mega bado, fundi anakuja Jumamosi. Nisiguse mpaka aje?

#20 (fundi wa #4)

Subiri Jumamosi. Na mwambie aanze kupima mota ikiwa imetolewa kwenye kibao, peke yake, halafu taa peke yake, halafu vyote pamoja. Ukianza na vyote pamoja ikasoma vibaya mtarudi kufungua kila kitu.

#21 (mleta uzi)

Na mpitishe macho kwenye waya wa taa, pale chini ya kibanio.